Kudhibiti Joto la Kizimba cha Nyoka katika Hali ya Hewa ya Unguja na Pemba: Mwongozo Kamili

Miongozo mingi ya kufuga nyoka huandikwa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako mfugaji huanza kwa kujiuliza atampasha joto mnyama wake kwa njia gani. Kwetu Unguja na Pemba swali linalotangulia ni jingine: nyoka huyu atakimbilia wapi pale chumba kitakapofika nyuzi 32 mchana wa Februari na upepo umetulia? Mwongozo huu unafuata swali hilo. Tunaanza na chumba, kisha kizimba, kisha vipimo, na vifaa vya kupashia joto tunavifikia baadaye, kwa sababu kifaa cha kupashia kilichowekwa katika chumba kibaya ni hatari kwa mnyama hata kama kifaa chenyewe ni kizima. Vipimo vyote vya joto humu ni nyuzi za Sentigredi.

Nimewakusudia walimu, watembezaji wageni, watunzaji wa vituo vya wanyama na watu binafsi wanaomfuga nyoka asiye na sumu kwa njia ya halali. Wanyamapori wa Zanzibar wako chini ya Sheria Namba 10 ya mwaka 1996 ya usimamizi na uhifadhi wa rasilimali za misitu, na anayetaka kumweka nyoka kizimbani aanzie Idara ya Misitu. Chatu wa aina zote wamo pia katika CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya wanyama na mimea ya porini, kwa hiyo kumvusha mpaka kunahitaji hati. Nyoka wa sumu, kama swila na kifutu, hawamo kabisa katika maelezo haya.

Kwa nini kizimba kinahitaji pande mbili

Nyoka hajipashi mwili kutoka ndani kama mtu au paka. Hupata joto lake kwa kuhama: asubuhi huota jua, jua likikaza huingia chini ya jiwe au ndani ya shimo, na akishameza windo hutafuta mahali pa moto ili tumbo lisage chakula. Akiwa na ubaridi mno, chakula humkalia tumboni mpaka kikaoza au akakitapika, na kinga yake dhidi ya maradhi ya mapafu hupungua. Akizidiwa na joto, ubongo na mishipa ya fahamu huharibika kwa namna ambayo hairekebishiki. Kazi ya mfugaji ni kumrejeshea nafasi ile ya kuhama, yaani kumjengea upande mmoja wenye joto na upande wa pili wenye ubaridi, kisha kumwachia mwenyewe achague.

Viwango vinatofautiana kwa aina. Chatu mdogo wa Afrika Magharibi (Python regius), anayependwa sana na wafugaji wa dunia kwa upole wake, anahitaji nyuzi 31 hadi 33 upande wa joto na 25 hadi 27 upande wa ubaridi, na usiku hewa isishuke chini ya 24. Chatu mkubwa wa Afrika, ambaye anaishi hata katika visiwa vyetu, anakaribiana naye kwa mahitaji, ila anazidi mita 4 kwa urefu na hafai kufugwa nyumbani. Huyo ni wa vituo vyenye watu waliofunzwa. Nyoka wa nyumbani wa Afrika, wale wa jenasi Boaedon wanaokula panya, wanatosheka na nyuzi 29 hadi 31 upande wa joto na 22 hadi 26 upande wa pili. Nyoka wa mahindi wa Marekani (Pantherophis guttatus) anataka joto kama hilo, lakini upande wake wa ubaridi unatakiwa uwe 22 hadi 25.

Soma tena kiwango hicho cha mwisho ukikumbuka chumba chako. Kwa miezi mingi ya mwaka chumba cha kawaida cha Unguja hakishuki hadi nyuzi 24 hata usiku wa manane. Nyoka wa mahindi anavumilia 27 au 28 upande wa ubaridi, lakini kumkalisha katika nyuzi 30 saa nyingi kila siku ni kumtesa. Kwa maoni yangu anayeishi chini ya bati lisilo na dari asimchukue mnyama huyu kamwe, na anayetaka nyoka wa kufundishia wanafunzi atafanya vyema zaidi na nyoka wa nyumbani, ambaye ni mdogo, mpole na wa Afrika yetu.

Mpaka usiovukwa ni huu: kwa aina zote nilizozitaja, hewa ikizidi nyuzi 35 pasipo na mahali pa kujiepusha, nyoka yumo hatarini, na ikikaribia 40 anaweza kufa kwa muda mfupi.

Hatua ya kwanza: chumba

Usinunue chochote kabla ya kukipima chumba. Kitundike kipimajoto kwenye kivuli, kimo kile kile ambacho kizimba kitakaa, na uandike vipimo viwili kila siku kwa wiki nzima: kimoja alfajiri, unapoamka kwa sala, kwa kuwa saa 11 hadi saa 12 za alfajiri ndio wakati wa ubaridi mkubwa; na kingine kati ya Adhuhuri na Alasiri, karibu na saa 8 au saa 9 mchana, joto linapofika kileleni. Ikiwa unapima wakati wa Kipupwe, Juni hadi Agosti, ongeza nyuzi 4 au 5 kwenye kipimo cha mchana ili upate picha ya Kaskazi, kisha mwezi wa Disemba upime tena, kwa kuwa makisio si kipimo.

Jengo lenyewe linaamua mengi. Nyumba za Mji Mkongwe zenye kuta nene za mawe na chokaa huchelewa kupata joto na huchelewa kulipoteza, na chumba cha chini ndani ya nyumba kama hiyo ni mahali pazuri mno kwa kizimba, alimradi hakina unyevu wa kuotesha ukungu ukutani. Nyumba ya matofali ya saruji yenye bati tupu hupanda haraka mchana na kushuka haraka usiku, na hapo dari ni lazima. Ghorofa ya juu kabisa ya jumba la saruji, kama yale ya Michenzani, huendelea kutoa joto kutoka kwenye dari hata baada ya Magharibi. Paa la makuti lina ubaridi wa kupendeza, ila chini yake sitaki kuona taa ya joto wala kifaa chochote kinachowaka moto wa kuunguza, kwa sababu cheche moja ya waya ulioachia inatosha kuteketeza nyumba.

Jambo linalosahauliwa sana ni kuhama kwa jua. Visiwa vyetu viko takriban nyuzi 5 hadi 6 kusini mwa ikweta. Kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita upande wa kusini, na miezi iliyobaki hupita upande wa kaskazini, ambao kwetu ndio upande wa kibla. Kizimba ulichokiweka mwezi wa Julai karibu na dirisha la kusini, mahali ambapo hapakuwa na jua hata chembe, kinaweza kupigwa na jua mwezi wa Disemba. Sanduku la kioo likipigwa na jua hunasa joto ndani yake kama gari lililofungwa madirisha, na nyoka hana nusu saa ya kusubiri. Weka kizimba kwenye ukuta wa ndani, mbali na dirisha lolote, na mlango wa chumba uwe na mpito wa hewa.

Hatua ya pili: kizimba na sakafu yake

Kizimba kifupi hakiwezi kuwa na pande mbili za joto. Sanduku la sentimita 60 hupata moto lote kwa pamoja; chatu mdogo aliyekomaa anahitaji urefu wa sentimita 120, na nyoka wa nyumbani anatosheka na sentimita 80 au 90. Kwa hali yetu ya hewa napendelea sanduku la plaiwudi lenye mlango wa kioo mbele kuliko la kioo kitupu, lakini liwe na matundu mapana ya hewa yaliyofunikwa kwa wavu wa waya mgumu: safu moja chini upande wa ubaridi na safu ya pili juu upande wa joto. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, na hewa baridi huvutwa kuingia chini, hivyo kizimba hupumua chenyewe bila feni. Wavu ukazwe kwa skrubu, usigongwe kwa pini za karatasi, maana nyoka husukuma kwa pua usiku kucha. Nyoka wa kigeni akitoroka visiwani si hasara ya mwenyewe peke yake. Kunguru walioletwa Zanzibar katika miaka ya 1890 hadi leo wanaangamiza vifaranga na mayai ya ndege wa hapa.

Ndani weka maficho mawili yanayolingana, moja kila upande. Nyoka akiwa na ficho moja tu, na likiwa upande wa joto, atavumilia kuungua kuliko kukaa wazi, kwa kuwa kujificha kwake ni usalama. Chungu kilichovunjika mdomo na kupinduliwa kinafaa sana upande wa ubaridi, maana udongo huchelewa kupata joto.

Kwa matandiko, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa ndiyo rahisi kupatikana na yanahifadhi unyevu vizuri. Lakini usitumie usumba uliotoka pwani kabla ya kuuosha kwa maji matamu mara kadhaa, kwa kuwa makumbi hufukiwa kando ya bahari ili yalainike na hujaa chumvi. Usitandike kwa kina kikubwa juu ya chanzo cha joto. Sentimita 1 au 2 zinatosha. Walioko Pemba wasishawishike kutumia makonyo ya karafuu, ingawa ni mengi na ya bei nafuu: mafuta yake yenye harufu kali hufukizwa na joto ndani ya sanduku lililofungwa, na mapafu ya nyoka hayakuumbwa kwa ajili hiyo.

Hatua ya tatu: vipimo kabla ya moto

Kizimba kimoja kinahitaji vipimajoto viwili vya kidijitali vyenye waya na ncha ya kupimia, kimoja kila upande, vikiwekwa pale nyoka anapolala na si juu ya kioo. Vile vya kubandika vyenye rangi au mshale hupima ukuta, na makosa yake ni makubwa. Pata pia kipimo cha unyevu wa hewa, na ukiweza, kile kipimajoto cha mkononi cha kuelekeza kwenye kitu. Angalizo hapa: vile vilivyoenea wakati wa Korona vya kupima paji la uso vimetengenezwa kwa joto la mwili wa mtu, na havifai kwa kupimia sakafu ya kizimba, tafuta kile cha mafundi, kinachopima joto la vitu.

Vipimajoto vyenyewe navyo vipimwe. Ponda barafu, ijaze kwenye bilauri, mimina maji kidogo hadi yalingane na barafu, koroga, kisha tumbukiza ncha bila kugusa bilauri na usubiri dakika chache. Kipimo kinatakiwa kisome 0 au karibu na hapo. Kikisoma 1.5, andika alama hiyo juu yake kwa wino na uipunguze kila unaposoma. Kikipotea zaidi ya nyuzi 2, kiache. Rudia jaribio hili kila mwaka, kwa sababu hewa yetu ya chumvi inakula nyaya ndogo.

Hatua ya nne: chanzo cha joto na themostati

Hapa ndipo ajali nyingi hutokea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwa visiwa vyetu kifaa kinachofaa zaidi ni mkeka wa joto wenye nguvu ndogo, wati 10 hadi 20, unaobandikwa chini ya sanduku au ubavuni kwa nje, na kufunika theluthi moja ya sakafu tu. Hauongezi sana joto la hewa, ambayo kwetu tayari ina joto la kutosha; unapasha mahali pamoja anapolaza tumbo baada ya kula. Inua sanduku kwa vigingi vifupi ili hewa ipite chini ya mkeka, kwani mkeka uliobanwa kati ya kioo na meza hukusanya joto hadi kioo kikapasuka. Kwa sanduku la plaiwudi mkeka usibandikwe chini, maana mbao huzuia joto na joto lililozuiwa hubaki likiunguza mbao. Ubandike ndani ya ukuta wa pembeni na uufunike kwa kigae chembamba kilichokazwa, nyoka asiweze kuingia nyuma yake.

Taa ya kauri, ile isiyotoa mwanga, ni ya nchi za baridi. Uso wake hupita nyuzi 200, na nyoka akijizungushia huungua hadi nyama kabla hajajitoa, kwa sababu mara nyingi nyoka huchelewa kuikimbia sehemu inayomuunguza. Katika chumba kinachobaki juu ya nyuzi 24 usiku sioni sababu ya kuinunua. Ikiwa chumba chako kweli kinashuka sana, iwe juu ya wavu, na izungukwe na kizimba kidogo cha waya, umbali wa sentimita 25 au zaidi kutoka tawi lolote. Mawe ya umeme ya kulalia yakatae moja kwa moja. Hupata moto kwa mabaka na hutoa majeraha mabaya. Taa za rangi nyekundu za usiku nazo hazina haja, maana nyoka anahitaji giza la kweli.

Hakuna kifaa cha joto kinachoruhusiwa kuchomekwa moja kwa moja kwenye soketi. Mkeka usiodhibitiwa unaweza kupita nyuzi 45 kwenye kioo. Themostati, yaani kifaa kinachowasha na kuzima mkeka kulingana na joto, hukaa katikati ya soketi na mkeka, na ncha yake ya kupimia hukazwa kwenye mahali pa moto zaidi ambapo nyoka anaweza kugusa, yaani juu ya kioo chini ya matandiko, ikishikiliwa kwa gundi ya silikoni iliyokauka kabisa au kwa kibano. Ncha ikitolewa na nyoka na kuanguka upande wa ubaridi, themostati itadhani pana baridi na itaendelea kuuwasha mkeka bila kukoma, na vifo vingi vya wanyama waliokuwa na themostati nzuri hutokana na hilo. Kwa hiyo kila siku iguse ile ncha kabla hujasoma namba.

Jambo jingine ambalo themostati haiwezi ni kupoza. Kama umeiweka kwenye nyuzi 31 na chumba kiko 33, itauzima mkeka, na kizimba kitabaki 33 pande zote mbili. Watu huona taa yake imezimika wakaridhika. Ndiyo maana upande wa ubaridi ndio wa kusomwa kwanza asubuhi na mchana, na ndio unaoamua kama siku hiyo mkeka uchomekwe au uchomolewe.

Aina ya kawaida ya kuwasha na kuzima inatosha kwa mkeka. Inayopunguza nguvu polepole ni bora kwa taa. Chagua yenye kengele ya kulia joto likipita kiwango, na iwe ya volti 230 na herzi 50 kama umeme wetu, kwa kuwa vifaa vinavyoagizwa kutoka Marekani ni vya volti 120 na huungua hapa mara moja.

Hatua ya tano: umeme wenyewe

Weka vifaa nyuma ya kile kifaa cha kulinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka. Mkeka utahimili, lakini themostati ina moyo mdogo, na umeme unaporudi kwa kishindo baada ya kukatika ndio wakati wa kuungua. Soketi iwe na waya wa ardhini uliounganishwa kweli, na fundi umeme athibitishe, si kwa kutazama tu. Waya unaoingia kwenye plagi uachwe uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili maji yakimwagika yadondoke chini badala ya kufuata waya hadi ndani. Usiunganishe nyaya kwa kusokota na utepe.

Kila baada ya miezi mitatu zima umeme, chomoa, na kagua plagi: alama nyeusi, plastiki iliyolainika au kutu ya kijani kwenye shaba ni sababu ya kubadilisha, si ya kusafisha. Mjusi kafiri hupenda kuingia ndani ya masanduku yenye joto, na akigusa nyaya mbili huwa mwisho wake na wa kifaa. Ziba matundu yaliyozidi. Paka nao hupenda kulala juu ya kifuniko chenye joto, na wakilala hapo wanaziba hewa yote.

Mazoea ya nyumba zetu ni kuzima soketi mtu anapotoka, na watoto hufundishwa hivyo. Andika kwa maandishi makubwa kando ya soketi ile kwamba isizimwe wala isiwashwe bila ya kumuuliza mhusika, kisha waeleze watu wa nyumbani sababu yake.

Hatua ya sita: siku mbili bila nyoka

Sasa washa kila kitu, na kizimba kiwe kitupu kwa saa 48. Weka themostati nyuzi 2 chini ya lengo, subiri kwa saa 3, kisha pandisha nyuzi moja moja. Andika upande wa joto, upande wa ubaridi na unyevu saa 12 asubuhi, saa 8 mchana na saa 4 usiku. Tofauti kati ya pande mbili inatakiwa iwe angalau nyuzi 4. Ikiwa haifiki, usipandishe moto. Ongeza matundu ya hewa upande wa ubaridi au hamisha kizimba.

Nyoka akishaingia, tabia yake inakuwa kipimo cha tatu. Anayehama kutoka upande huu kwenda ule kwa siku kadhaa ameridhika. Anayekaa upande wa joto bila kutoka, huenda kizimba chake ni baridi. Anayelala ndani ya bakuli la maji mchana kutwa, au anayepanda pembe ya juu ya upande wa ubaridi na kusukuma kifuniko, anakuambia kwamba ana joto, ingawa utitiri nao humpeleka nyoka majini, kwa hiyo mkague magamba pia.

Misimu

Kaskazi, Disemba hadi Februari, ndio msimu wa hatari. Katika nyumba nyingi mkeka unaweza kuchomolewa kuanzia saa 4 asubuhi hadi Magharibi. Chumba kikipita nyuzi 31, elekeza feni ukutani ili hewa ya chumba izunguke, lakini isimpulize nyoka moja kwa moja. Chupa ya maji yaliyoganda, ikizungushiwa taulo na kuwekwa juu ya wavu wa upande wa ubaridi, hushusha nyuzi kadhaa kwa saa chache, kwa kuwa hewa baridi huzama. Weka chupa nne kwenye friza uzibadilishe kwa zamu. Kulowesha kitambaa na kutegemea mvuke hakusaidii sana kwetu, kwa sababu hewa yetu mara nyingi ina unyevu wa asilimia 75 au zaidi na maji hayakauki kwa haraka.

Masika, Machi hadi Mei, joto hupungua lakini unyevu hupanda, na Pemba hupata mvua nyingi kuliko Unguja. Matandiko yaliyolowa pamoja na ubaridi wa usiku huleta vidonda chini ya magamba na maradhi ya mapafu. Msimu huo mkeka uwashwe zaidi kwa ajili ya kukausha upande mmoja kuliko kwa ajili ya joto, na matandiko yabadilishwe mara yakiwa mazito mkononi.

Kipupwe, pepo za Kusi zikivuma, usiku huweza kushuka hadi nyuzi 21 au 22 katika nyumba zilizo wazi, na hapo ndipo mkeka unapofanya kazi yake kamili. Usimlishe nyoka ikiwa upande wa joto haufiki nyuzi 28, na baada ya kumlisha usimguse kwa saa 48.

Vuli, Oktoba hadi Disemba, ndio wakati wa kukagua kila kitu, maana jua linahamia kusini na Kaskazi iko mlangoni.

Umeme ukikatika

Unguja inakumbuka miezi ya giza ya kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, kabla ya waya mpya wa baharini, na bado umeme hukatika kwa saa kadhaa mara kwa mara. Katika Kipupwe kukosa mkeka kwa usiku mmoja si msiba kwa nyoka mzima ambaye hajala karibuni: funika kizimba kwa blanketi pande tatu, acha hewa upande mmoja, na ahirisha mlo. Usiweke jiko la makaa wala mshumaa chumbani. Gesi ya makaa inaua watu kabla ya nyoka. Mwenye inveta na betri ya saa-ampea 100 ya volti 12 anaweza kuuendesha mkeka wa wati 20 kwa zaidi ya siku nzima, maana mkeka hauwaki muda wote.

Katika Kaskazi ni feni unayoikosa, na hilo ni zito zaidi. Fungua madirisha, mhamishie nyoka kwenye ndoo kubwa yenye kifuniko cha matundu, na mteremshe chumba cha chini kabisa, juu ya sakafu ya saruji au vigae. Akisafirishwa kwa gari au boti, awe ndani ya mfuko wa pamba uliofungwa vizuri, na mfuko uwe ndani ya sanduku la kuhifadhi ubaridi lisilo na barafu na lenye matundu. Usimwache ndani ya gari lililoegeshwa hata kivulini.

Nyoka aliyezidiwa na joto

Dalili ni kuhangaika kwa kasi isiyo ya kawaida, mdomo wazi, kichwa kinachoelekea juu pasipo sababu, kisha mwili kulegea. Zima na chomoa kila kitu kwanza. Mtoe, mweke chumba chenye ubaridi, na mlaze kwenye maji ya kina cha kidole kimoja yenye joto la kawaida la bomba, kichwa kikiwa juu ya maji na mkono wako ukikishikilia. Usitumie barafu wala maji ya friji, kwa sababu mshtuko wa mwili humwongezea madhara. Baada ya dakika 15 hadi 20 mkaushe, mweke kwenye sanduku tupu lenye giza, na umpigie daktari wa mifugo ukiwa na daftari lako la vipimo mkononi, maana atakuuliza joto lilifika ngapi na kwa muda gani. Aliyeungua jeraha lake lisafishwe kwa maji safi pekee. Dawa za kienyeji, mafuta na dawa ya meno zisitumike.

Hata akionekana amerudi katika hali yake, asilishwe kwa wiki nzima au mpaka daktari aruhusu, na asirudishwe kizimbani kabla ya chanzo kujulikana: ncha iliyochomoka, themostati iliyoganda ikiwa imewasha, jua la dirishani, au tundu la hewa lililozibwa. Chanzo kikishapatikana na kurekebishwa, kizimba kirudie jaribio lile la saa 48 kikiwa kitupu.